Mbili kwa Moja, Upande wa Kulia

Kovu lilikuwa na urefu wa sentimita sita na nusu na upana wa sentimita mbili, upande wa ndani wa shavu la mguu wa kushoto. Vipimo hivi ni sahihi, kwa sababu mume wa mwenye mguu alivichukua kwa rula siku ya tatu, mkewe akiwa amekaa kitandani akisubiri kupakwa dawa. Kati ya kuunguzwa na kupimwa, mkewe alisema hadi leo hajui lipi lilimuuma zaidi.

Mume huyo alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka sokoni na madukani na mkoba wa mawe ya kupimia, akiangalia kama kilo ya muuzaji ni kilo kweli, na akiwaandikia karatasi ya makosa wauza sukari waliobandika kwenye mfuko neno "mbili" bila kusema mbili nini. Sokoni walimwita Gramu. Nyumbani pia aliitwa Gramu, ila kwa sauti nyingine.

Mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye chumba chake cha kazi barabarani, mashine mbili, meza ya kukatia na jicho ambalo halikuhitaji mkanda wa kupimia. Mteja akiingia mlangoni, alikuwa ameshajua kiuno. Mkanda aliuvaa shingoni kwa heshima ya kazi tu.

Pikipiki iliyomuunguza ilikuwa kruza: kiti cha chini, usukani mpana, miguu mbele, mwendeshaji ameegemea nyuma kama mtu aliye sebuleni kwake. Gramu aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na aliinunua kwa sababu moja, kwamba kiti cha nyuma kilikuwa kipana na chenye egemeo. Alitaka kutembea na mkewe. Walitembea mara moja.

Siku hiyo walikuwa wanapeleka gauni la mteja. Njiani mfuko ulifunguka, gauni likatoka nusu na kuanza kupepea nyuma yao kama bendera. Mkewe akampigia kelele sikioni, "Punguza! Punguza!" Gramu akaongeza mwendo. Walipofika kwenye kona, mkono mmoja wa gauni ulikuwa umeshabaki kwenye kichaka. Pikipiki iliposimama, mkewe aliruka chini upande wa kushoto, kwa hasira, bila kuangalia. Bomba la moshi la kushoto lilikuwa palepale.

"Nilisema punguza," alimwambia baadaye, "wewe ukaunguza."

"Kwa mlio ule nilisikia 'unguza'," Gramu alijitetea. "Nikashangaa, lakini nikadhani unataka nichome mafuta."

"Miaka kumi na tisa ya ndoa, umewahi kunisikia nataka uchome kitu?"

Gramu alifikiri kwa uaminifu, akajibu hapana.

Mkewe hakupenda maneno mengi pale ambapo masharti yangetosha. Akatoa mawili. Kwanza, asiungue tena. Pili, akisema neno, mumewe alisikie neno hilohilo, si jirani yake. Jumamosi ya wiki iliyofuata walikuwa wanakwenda kwa dada yake mkubwa, kilomita sitini na mbili. Akifika huko akiwa mzima na amesikilizwa, pikipiki ibaki. La sivyo, mwenye duka la dawa, ambaye alikuwa akiitamani tangu siku ya kwanza, angeitwa Jumapili aje achukue funguo.

"Ni haki," alisema Gramu, na kweli aliona ni haki. Hilo ndilo lililomtia hofu.

*

Tatizo lilikuwa ekzosi, yaani mabomba ya moshi, kwa masharti yote mawili. Kwa hiyo Jumatatu baada ya kazi Gramu alikwenda kwa Baki.

Baki alikuwa fundi pikipiki. Alipewa jina hilo kwa sababu kila alipomaliza kufunga mashine ilibaki nati moja mkononi mwake. Mashine zilitembea vizuri, hakuna aliyewahi kudondokewa na kitu, lakini nati ilibaki. Alizihifadhi kwenye kopo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha matofali, na mbele yake kivuli cha turubai. Upande mmoja turubai lilifungwa ukutani, upande wa pili liliegemea vyuma viwili vya kung'aa vilivyopinda kama viwiko, vimefungwa kwa waya juu ya vigingi. Kwenye kimoja Baki alitundika koti lake, kwenye kingine kikombe.

"Kaka Gramu! Shemeji mguu haujambo?"

"Unapona. Kovu limepungua milimita moja."

"Umelipima tena?"

"Akiwa amelala."

Baki alicheka mpaka akaketi juu ya tairi.

Kisha wakaingia kwenye kazi. Injini ile ilikuwa na silinda mbili, na kila silinda ilitolea moshi kwenye bomba lake. Mmiliki wa kwanza alikuwa ametaka mbwembwe: bomba moja likapelekwa kulia, lingine likavushwa kushoto, kila moja na sailensa yake ya kuzuia mlio, fupi na iliyo wazi ndani. Baki alikumbuka vizuri kwa sababu kazi hiyo aliifanya yeye, miaka minne iliyopita.

"Alitaka isikike inakuja kutoka pande zote," alisema.

"Na stendi ya pembeni iko wapi?"

"Kushoto."

"Kwa hiyo kila mtu anayeshuka anashukia kushoto."

"Kila mtu."

"Penye bomba la moto."

"Kaka, mbona unaniuliza kama polisi? Mteja alitaka."

Gramu alitoa kipimajoto. Baada ya dakika kumi injini ikiwaka, bomba la kushoto, kwenye kimo cha shavu la mguu, lilikuwa na nyuzi mia moja thelathini na nane. Akaandika. Kisha akatoa kipima sauti, chake mwenyewe, kwa sababu cha ofisi hakikuwa kwa matumizi ya nyumbani, akaomba aonyeshwe sailensa zilizopo.

Zilikuwa tatu. Baki alizitambulisha kama mabibi harusi watatu.

"Hii inaitwa Radi. Ukiiwasha, aliyelala anaitika. Hii ni Spika. Inanguruma, lakini kwa adabu. Na hiyo ndefu nyeusi..." Akaipungia mkono. "Hiyo ni ya wastaafu. Ni ya mteja, kaiacha hapa, hata kuja kuichukua anaona aibu."

Wakazifunga moja baada ya nyingine, na kila mara Baki akapanda kiti cha nyuma na daftari la vipuri, akasoma maneno kumi kwa sauti ya kawaida huku Gramu, mbele, kofia ngumu kichwani na mkono kwenye kishikio cha mafuta, akiandika alichosikia.

Kwa Radi, desibeli mia moja na nne, Gramu alipata neno moja kati ya kumi, na hilo alibahatisha. Baki aliposoma "gasketi", Gramu aliandika "biskuti". "Pistoni" ikawa "jikoni". "Beringi" ikawa "bilingani".

"Mbona umeandika vyakula tu?" Baki aliuliza, akisoma karatasi.

"Sijala mchana."

Kwa Spika alipata manne. Kwa ile ya wastaafu, desibeli themanini na sita, alipata tisa, na la kumi walikubaliana kwamba Baki ndiye aliyelitamka vibaya.

"Hii," alisema Gramu.

Baki aliumia kikweli. "Kaka. Kruza isiyonguruma ni kitanda."

"Vizuri. Mke wangu hajawahi kuunguzwa na kitanda."

Kilichobaki ni mpangilio wa mabomba. Baki alimweleza kwamba kwa mafundi kuna namna mbili. Mabomba mawili yakiishia kila moja kwenye sailensa yake, hiyo ni mbili kwa mbili. Yakiungana na kuingia kwenye sailensa moja, hiyo ni mbili kwa moja. Ya pili inaweza kuwekwa yote kulia, na kushoto pakabaki wazi, bila joto, salama kwa mguu wa mtu yeyote mwenye hasira.

Gramu hakuhitaji kusikia zaidi. Muuzaji wa vipuri alikuwa mji mwingine, na mizigo yake ilichukua siku tatu. Gramu aliamini kwamba makosa huingia kwa kupitia maneno ya ziada, kwa hiyo ujumbe wake ulikuwa mfupi: namba ya sailensa, kisha, *Mbili kwa moja. Upande wa kulia. Ifike Ijumaa.*

Baki alichungulia begani. "Mbili kwa moja? Nani kafunga la pili?"

"Si mpira."

Jibu lilikuja mara moja: *Umewahi bosi! Leo ndiyo mwisho.*

Gramu aliliona jibu hilo ni la ajabu kidogo. Lakini wenye maduka huzungumza hivyo, akaweka simu mfukoni.

*

Mzigo ulifika Ijumaa saa nane mchana. Mkewe alifunga chumba chake mapema akaja mwenyewe kwenye karakana, mkanda shingoni, pini tatu bado zimechomekwa kwenye kola. Alisema hakuja kuingilia. Akaketi chini ya turubai, kwenye kiti ambacho Baki alikifuta kwa kitambaa kichafu kuliko kiti.

Baki alipasua boksi. Akatoa sailensa ndefu nyeusi. Gramu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Baki akaingiza mkono tena, akatoa sailensa ndefu nyeusi.

Zilifanana kama pacha. Zote mbili zilikuwa za kulia. Hapakuwa na bomba lolote la kuziunganisha na chochote. Chini ya boksi palikuwa na kadi nyekundu: *OFA YA WIKI! MBILI KWA MOJA! Asante kwa kununua kwetu.*

Gramu alipiga simu, akaiweka kwa sauti ya wazi.

"Bosi! Mzigo umefika?"

"Umefika. Niliagiza mbili kwa moja."

"Na mimi nimekutumia mbili kwa moja. Hesabu."

"Mbili kwa moja ya ekzosi. Mabomba mawili yanaingia sailensa moja."

"Ahaa. Sasa bosi, hiyo si ungesema? Wiki ile nzima hapa dukani mbili kwa moja ilikuwa ofa, unanunua moja unapata mbili. Nikafurahi, nikasema huyu ni mteja anayesoma matangazo."

"Na upande wa kulia ulielewaje?"

"Kwamba unataka zote mbili za kulia. Nilishangaa, lakini nikasema mwenye pikipiki ndiye anayejua. Zirudishe tu. Jumatano nitakuwa nimekufikishia ile nyingine."

Jumatano. Gramu alikata simu. Hakumtazama mkewe. Alitazama sailensa, moja, kisha ya pili, kana kwamba mmojawapo wa pacha hao angekiri.

"Nionyeshe ulichoandika," mkewe alisema.

Akampa simu. Mkewe alisoma taratibu, midomo ikicheza.

"Mbili," alisema. "Mbili nini?"

Gramu alisogea akasoma naye.

"Kwa moja. Moja nini?" Akamrudishia simu. "Wewe si ndiye yule unayewaandikia wauza sukari? Mbona mama wa kwenye kona ulimwandikia karatasi kwa kosa hilihili, na yeye angalau mfuko ulikuwa mezani, mtu anauona?"

"Ni kweli."

"Basi?"

Baki alidhani ni utani. Lakini Gramu alifungua mkoba, akatoa kitabu cha karatasi za makosa, akaandika tarehe, mahali, na kosa: kutaja idadi bila kutaja kizio, yaani idadi ya nini. Akatia saini kwenye mstari wa mkosaji. Kisha akatia saini kwenye mstari wa mkaguzi. Akachana nakala ya kijani, akamkabidhi mkewe, ambaye aliikunja na kuiweka ndani ya blauzi kama mtu anayehifadhi hati ya kiwanja.

"Tungeomba mpaka Jumatano..." Gramu alianza.

"Jumamosi ni Jumamosi."

"Naelewa."

"Mwenye duka la dawa nimeshamwambia awe karibu na simu." Alisema hivyo bila ukali. Alikaa akiitazama pikipiki, kiti kile kipana cha nyuma, na kwa mara ya kwanza Gramu alihisi kwamba hata yeye hakuifurahia Jumapili hiyo. Hakuwa na namna ya kulipima hilo, kwa hiyo hakulitegemea.

Baki aliomba radhi kwa niaba ya wafanyabiashara wote, akaenda kuchukua kikombe chake. Macho ya fundi cherehani yakafuata mkono wake, yakafika kwenye chuma chenye kikombe, yakahamia kwenye chuma chenye koti, yakarudi kwenye injini.

"Fundi, hivyo vyuma ulivipata wapi?"

"Vyuma vipi, shemeji?"

"Vilivyoshika turubai."

"Ah, hivyo." Baki alikunywa. "Hivyo vilibaki tu."

"Vilibaki kutoka kwenye nini?"

Kikombe kilisimama katikati ya safari ya mdomo.

Mkewe alikuwa ameshasimama. Alichukua boksi, akalikata kwa mkasi uliokuwa kwenye pochi yake, akaliweka mbele ya matundu mawili ya injini na kuchora mapito: kutoka silinda ya mbele, chini, nyuma, kulia, kutoka silinda ya nyuma, pembeni, kulia. Akaenda na kadibodi yake hadi kwenye turubai, akaiweka juu ya chuma cha kwanza. Kiwiko kikalala kwenye mstari. Akaiweka juu ya cha pili. Kikalala.

"Hivi ni mikono ya gauni hilihili," alisema. "Nani aliitoa?"

"Mimi," alisema Baki kwa sauti ndogo. "Miaka minne sasa. Ndiyo mabomba yaliyokuja nayo kutoka kiwandani. Yote mawili yalikuwa kulia, moja juu ya lingine. Na kila moja na..." Akaziangalia zile pacha nyeusi.

"Na sailensa yake," Gramu alimalizia. "Mbili. Za kulia."

Alichukua kalipa yake ya kupimia kipenyo, akapima mdomo wa bomba, akapima shingo ya sailensa. Tofauti ilikuwa nusu milimita. Akapima tena kwa sababu hakupenda kufurahi mara moja.

"Kaka, kwa hiyo wiki nzima tumepima," alisema Baki, "tumefika walipokuwa wenye kiwanda."

"Walikuwa na vifaa bora," Gramu alisema.

Baki alikata waya. Turubai likaanguka juu ya watu wote watatu.

*

Ndani ya bomba moja walikuta kiota cha nyigu, kitupu, na ndani ya lingine kijiko cha Baki alichokuwa akikitafuta tangu mwaka jana. Walisugua kutu ya ndani. Vikinga-joto vya chuma vilikuwa bado vimo, maana ndivyo vilivyokuwa vinazuia koti lisiteleze. Sailensa ya juu ilikosa breketi ya kuishikilia yenye urefu unaofaa. Mkewe akakata mfano wake kwa kadibodi, Gramu akasahihisha tundu moja kwa milimita mbili, mkewe akamwambia alirudishe lilipokuwa, akalirudisha, na Baki akaikata kwa chuma cha kitanda. Ilikaa.

Kabla jua halijazama, Baki alifunga klempu ya mwisho na kufungua kiganja chake. Kilikuwa kitupu. Uso wake ukabadilika.

"Hakijabaki kitu," alisema.

"Si vizuri hivyo?" mkewe Gramu aliuliza.

"Shemeji, haijawahi kutokea. Kuna mahali nimekosea."

Walikagua ekzosi nzima tena, boliti kwa boliti, mpaka Gramu alipolikunjua turubai na nati moja ikadondoka kutoka kwenye mkunjo. Baki aliiokota, akaibusu, akaitia kwenye kopo.

Kipima sauti kilisoma themanini na saba. Upande wa kushoto, kwenye kimo cha shavu la mguu, kipimajoto kilisoma joto la hewa. Gramu alimwonyesha mkewe tarakimu zote mbili.

"Tarakimu zako nimeziona," mkewe alisema. "Kesho nitaongea."

Jumamosi asubuhi alipanda, akaegemea, akaweka mkoba mapajani, umefungwa kwa pini tatu. Kilomita kumi na moja za kwanza hakusema lolote. Gramu aliendesha kwa kasi ya hamsini akiwa amekaza mabega, akisikia mnyororo, akisikia upepo. Kwenye kilomita ya kumi na mbili, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, mkewe akasema:

"Punguza."

Akapunguza. "Kuna nini? Mfuko?"

"Hakuna kitu. Endelea."

Kisha akaanza kuongea. Aliongea kuhusu rangi ya mapazia, ambayo si yeye aliyeichagua. Aliongea kuhusu mteja mwenye mabega yasiyolingana, na kuhusu mwangalizi wa nyumba, na kuhusu jambo ambalo Gramu alisema mbele ya wageni mwaka wa tatu wa ndoa na ambalo alidhani limesahaulika. Gramu alisikia kila neno, hata yale ambayo ile ekzosi ya zamani ingemsaidia asiyasikie. Alijibu "ndiyo" mara ishirini na nane. Alizihesabu.

Mbele ya nyumba ya dada mtu, alizima injini na kuteremsha stendi. Mkewe akashuka kushoto, polepole, mguu ukipita pale palipokuwa na bomba. Aliinama, akashika shavu la mguu, akainuka.

Gramu alikuwa tayari ameshika simu. "Nimwambie nini mwenye duka la dawa?"

"Mwambie mbili kwa moja."

Akamtazama.

"Watu wawili," mkewe alisema, akivua kofia, "kwa pikipiki moja. Mimi vizio nimetaja."